Mountbatten ni jina la nani? Maisha ya Louis wa Battenberg na ukoo wake

Mwishoni mwa Oktoba 2025, Kasri la Buckingham lilitangaza kwamba Andrew, mdogo wake Mfalme Charles III, anavuliwa cheo cha mwanamfalme na kwamba tangu hapo ataitwa Andrew Mountbatten Windsor. Wengi wetu tunalifahamu jina la Windsor, lakini hilo la kwanza liliwachanganya watu. Wapo wanaosema ni jina la kale la Kiingereza. Wapo wanaolikumbuka kwa mtawala wa mwisho wa Kiingereza kule India, wakadhani limetokea huko. Wapo pia wanaosema kwamba jina hilo ni ushahidi kuwa wafalme wa Uingereza ni Wajerumani waliojificha. Kila moja ya kauli hizi imegusa kipande cha ukweli na kukosea sehemu iliyobaki, na njia fupi ya kuzitenganisha ni kufuata maisha ya mtu mmoja ambaye leo hatajwi sana: Louis wa Battenberg, aliyezaliwa mwaka 1854 akiwa na cheo cha Kijerumani na kufariki mwaka 1921 akiwa bwana wa Kiingereza.

Kwanza tuyaweke sawa maneno mawili. Kwa Kiswahili, mwanamfalme ni mtoto wa mfalme, na tukisikia mtu anaitwa hivyo tunatarajia kwamba baba yake aliketi kwenye kiti cha enzi. Cheo cha Kijerumani cha *Prinz* kina upana mkubwa zaidi, kwa kuwa katika koo nyingi za watawala walikibeba watoto wote, wajukuu wote na matawi yao, hata kama hakuna hata mmoja wao aliyekaribia kutawala. Baba yake Louis hakuwa mfalme, wala babu yake hakuitwa mfalme. Babu alikuwa mtawala wa Hesse, dola ndogo yenye mji mkuu wake Darmstadt.

Neno la pili ni Mjerumani. Louis alipozaliwa, katika mji wa Graz nchini Austria ambako baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, hapakuwa na nchi moja iliyoitwa Ujerumani. Palikuwa na falme na dola nyingi, kubwa na ndogo, zilizoshirikiana lugha na kutofautiana karibu katika mambo mengine yote, na Dola ya Ujerumani iliyoziunganisha ilitangazwa Januari 1871. Kwa hiyo Louis alikuwa Mjerumani kwa lugha, kwa malezi na kwa asili ya baba. Raia wa Dola ya Ujerumani hakuwahi kuwa hata siku moja, na jambo hili, ambalo linaonekana dogo, ndilo lililosahauliwa baadaye na watu waliomwita msaliti.

Jina la Battenberg nalo lilizaliwa kutokana na mapenzi yaliyokatazwa. Baba yake, Alexander wa Hesse, alikuwa na dada aitwaye Marie, ambaye mwaka 1841 aliolewa na mrithi wa kiti cha enzi cha Urusi, yule aliyekuja kuwa Tsar Alexander II. Alexander wa Hesse akaenda na dada yake St. Petersburg, akapewa nafasi katika jeshi la Urusi, na huko akampenda msichana mmoja aliyekuwa mhudumu wa dada yake katika kasri. Msichana huyo, Julia Hauke, alikuwa binti wa jenerali aliyeuawa Warsaw mwaka 1830, siku Wapoland walipoasi utawala wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya heshima, lakini haikuwa ya watawala. Tsar wa wakati huo, Nicholas I, alikataa. Wawili hao wakaondoka Urusi na kufunga ndoa mwaka 1851 mjini Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław.

Ndoa kama hiyo Wajerumani waliiita ndoa ya mkono wa kushoto. Ilikuwa halali mbele ya kanisa na mbele ya sheria, na watoto wake hawakuwa wa nje ya ndoa hata kidogo; hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Kilichokosekana ni usawa wa hadhi. Ni kama mtu aliyeoa kwa mahari na mashahidi, watoto wake wakatambuliwa na kila mtu mtaani, ila kanuni ya ukoo ikasema kwamba hawa hawatakalia kiti cha babu yao wala kubeba jina la nyumba ile. Julia hakuweza kuitwa wa Hesse, na watoto wake hali kadhalika, kwa hiyo ilibidi watafutiwe jina. Mtawala wa Hesse, ambaye alikuwa kaka mkubwa wa Alexander, akampa Julia jina la mahali padogo katika dola yake, Battenberg, ambako katika zama za kati palikuwa na mabwana wenye jina hilo waliokwisha zamani. Mwaka 1858 cheo chake kikapandishwa, na watoto wote wakawa wanawafalme wa Battenberg. Ukoo unaodhaniwa kuwa wa karne na karne ulikuwa na miaka mitatu tu Louis alipozaliwa.

Mtoto wa ndoa ya namna hiyo alikuwa na cheo bila nchi, hivyo ilimbidi atafute kazi. Hesse haina bahari, lakini Louis alitaka kuwa baharia. Aliyemtia moyo ni Alice, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye alikuwa ameolewa Darmstadt katika ukoo wa Hesse, pamoja na Alfred, kaka yake Alice, aliyekuwa ofisa wa manowari. Mwaka 1868, akiwa na miaka 14, Louis alivuka kwenda Uingereza, akachukua uraia wa huko na kujiunga na jeshi la majini kama kadeti. Nasisitiza mwaka huo kwa sababu husemwa mara kwa mara kwamba alipenyezwa katika jeshi hilo na ukwe wake wa kifalme, ilhali alioa mwaka 1884, baada ya miaka 16 ya kupanda na kushuka ngazi za meli. Ujamaa ulimfungulia milango, hilo halina ubishi, na kuna wenzake waliomwonea wivu kwa ajili hiyo. Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi: mwaka 1892 alibuni kifaa cha kukokotoa mwelekeo na mwendo wa meli zinazosafiri kwa kundi, ambacho kiliendelea kubeba jina lake katika manowari kwa miongo mingi, na kuanzia 1902 hadi 1905 aliongoza idara ya ujasusi ya jeshi la majini. Desemba 1912 alifikia kilele, akawa mkuu wa kijeshi wa jeshi lote la majini la Uingereza, chini ya waziri kijana aitwaye Winston Churchill.

Sasa tuje kwenye ujamaa wenyewe, ambao maneno ya Kiswahili yanaueleza vizuri kuliko lugha nyingi za Ulaya, kwa kuwa sisi tunatofautisha shangazi na mama mkubwa, mjomba na baba mdogo.

Marie, aliyeolewa Urusi, alikuwa shangazi yake Louis. Mwanawe Marie, Tsar Alexander III, alikuwa basi binamu yake hasa. Karl, kaka wa baba yake Louis, alikuwa baba yake mkubwa, na mtoto wa Karl ni Ludwig IV, aliyetawala Hesse na ambaye ndiye aliyemuoa yule Alice binti wa Malkia Victoria. Mwaka 1884 Louis alimuoa binti wa Ludwig na Alice, aliyeitwa Victoria kwa jina la bibi yake. Kwa hesabu ya jamii zetu nyingi, bibi harusi huyo alikuwa mtoto wa kaka yake Louis, na angemwita baba mdogo. Posa ya namna hiyo ingekomea barazani kwa wazee. Katika koo za kifalme za Ulaya ilikuwa kawaida, kwa sababu aliyetakiwa kuoa mtu wa hadhi yake alikuwa na familia chache za kuchagua, na familia hizo zilikuwa zimekwisha kuoana tangu zamani.

Ndoa hiyo ilimfungamanisha na karibu kila aliyekuwa na uamuzi wa vita na amani katika Ulaya ya 1914. Mke wake alikuwa na wadogo zake watatu wa kike waliokuwa hai na walioolewa. Elisabeth aliolewa na Sergei, mtoto wa Tsar Alexander II. Irene aliolewa na Heinrich wa Prussia, mdogo wake Wilhelm II, Kaizari wa Ujerumani. Alix aliolewa na Nicholas II, Tsar wa mwisho wa Urusi. Wanaume waliooa dada wa tumbo moja huitwa wanyumba, na Louis kwa hiyo alikuwa mwanyumba wa Tsar wa Urusi na mwanyumba wa Heinrich, ambaye alikuwa admirali wa Ujerumani. Kaizari mwenyewe alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Victoria, mkewe Louis. George V, mfalme wa Uingereza, alikuwa mtoto wa mjomba wake Victoria. Vita ilipoanza, Louis aliongoza manowari za Uingereza kutoka London wakati mwanyumba wake Heinrich akiongoza manowari za Ujerumani katika Bahari ya Baltiki. Mtu anaweza kusoma habari za vita ile kwa miaka mingi asipate mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kwamba ujamaa wa damu haukuwa na nguvu ya kuzuia vita ya mataifa.

Ndugu zake Louis nao walitawanyika. Alexander alichaguliwa mwaka 1879 kuitawala Bulgaria iliyokuwa imetoka tu chini ya Waturuki, akang'olewa mwaka 1886. Henry alimuoa Beatrice, binti wa mwisho wa Malkia Victoria. Mwishoni mwa mwaka 1895 alijiunga na safari ya kijeshi ya Waingereza dhidi ya Waashanti, katika nchi iitwayo leo Ghana, akapata malaria na kufia melini karibu na pwani ya Sierra Leone Januari 1896. Binti yake Henry akawa malkia wa Hispania mwaka 1906, na mfalme wa sasa wa nchi hiyo, Felipe VI, ni kitukuu cha malkia huyo.

Turudi London. Julai 1914 manowari za Uingereza zilikuwa zimekusanywa kwa majaribio na zilikuwa karibu kutawanywa. Tarehe 26 Julai, wakati Churchill akiwa nje ya jiji, Louis aliamuru zisitawanyike. Vita ilipotangazwa siku tisa baadaye, zilikuwa tayari pamoja. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitendo kikubwa kuliko vyote alivyofanya, na kingetosha kujibu shutuma za usaliti kama watu wangekuwa tayari kusikiliza.

Hawakuwa tayari. Miezi ya kwanza ya vita baharini ilikwenda vibaya. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa injini katika bandari ya Zanzibar na kuizamisha. Baadhi ya mabaharia waliokufa wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, na Königsberg ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji. Siku mbili baadaye nyambizi moja ya Kijerumani ilizamisha meli tatu za Kiingereza katika Bahari ya Kaskazini asubuhi moja, na zaidi ya mabaharia 1,400 wakapotea. Watu walitafuta wa kulaumiwa, na wakamwona mzee mwenye ndevu, anayesema Kiingereza kwa lafudhi ya Kijerumani, mwenye kasri la familia kule Hesse na jina la Battenberg. Maduka ya watu wenye majina ya Kijerumani yalikuwa tayari yamevunjwa vioo. Magazeti yakaanza kuuliza, kisha kudokeza, kisha kusema waziwazi. Uvumi ukamfanya jasusi yule aliyewahi kuongoza ujasusi wa jeshi lenyewe.

Kulikuwa na lawama za haki ambazo angeweza kutupiwa. Churchill alikuwa akiingilia hata amri za kila siku, na Louis hakumzuia vya kutosha. Wapo maofisa waliosema hivyo wakati ule, na wanahistoria wamelirudia. Umma haukumshtaki kwa hilo. Ulimshtaki kwa kuzaliwa kwake. Tarehe 28 Oktoba 1914 aliandika barua ya kujiuzulu, akieleza kwamba asili na nasaba yake vinapunguza manufaa yake kazini. Siku moja kabla, tarehe 27, Maurice wa Battenberg, mtoto wa marehemu ndugu yake Henry, ofisa katika jeshi la nchi kavu la Uingereza, aliuawa karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji akipigana na Wajerumani. Alikuwa na miaka 23. Sijui kama kuna jambo jingine katika kisa hiki linaloumiza kuliko ukaribu wa tarehe hizo mbili.

Mwaka 1917 chuki ilikipanda kiti cha enzi chenyewe. Jina la nyumba ya kifalme lilikuwa Saxe-Coburg na Gotha, lililoletwa na Albert, mume wa Malkia Victoria, na kwa bahati mbaya ndege za Kijerumani zilizokuwa zikiangusha mabomu London mwaka huo ziliitwa Gotha. Tarehe 17 Julai George V alitangaza kwamba nyumba yake itaitwa Windsor, jina la kasri lake la kale. Jamaa zake waliokuwa Uingereza wakiwa na vyeo vya Kijerumani waliombwa kuviacha. Louis akaacha cheo cha mwanamfalme, akapewa cha Kiingereza, Bwana wa Milford Haven, na Battenberg ikatafsiriwa. *Berg* kwa Kijerumani ni mlima, na *mount* kwa Kiingereza ni mlima vilevile; mlima ukatolewa mwisho wa jina ukawekwa mwanzo, na ndipo Mountbatten ilipozaliwa. Kwa hiyo Windsor na Mountbatten ni majina mawili ya familia mbili tofauti, yaliyotungwa mwezi mmoja kwa sababu moja. Anayesema kwamba familia ya kifalme ilibadili jina kutoka Battenberg kuwa Windsor amezichanganya mbili hizo.

Miaka iliyobaki ilikuwa migumu kwa Louis. Akiba yake iliyokuwa Urusi ilipotea katika mapinduzi. Julai 1918, Alix na mumewe na watoto wao wote watano waliuawa Yekaterinburg, na siku iliyofuata Elisabeth, ambaye baada ya kuwa mjane alikuwa mtawa, akauawa Alapayevsk. Mwili wa Elisabeth ulisafirishwa mbali hadi Jerusalem, ambako Louis na mkewe walikwenda kumzika mwaka 1921. Mwaka 1920 alikuwa amekwisha kuliuza kasri la Hesse. Agosti 1921 jeshi lilimpandisha kuwa admirali wa ngazi ya juu kabisa, na tarehe 11 Septemba, wiki chache baada ya heshima hiyo, alifariki London akiwa na miaka 67.

Aliacha watoto wanne. Mdogo wao, Louis, alikuwa kadeti wa miaka 14 baba yake alipoondolewa, na mwaka 1955 alikalia kiti kilekile cha mkuu wa jeshi la majini. Yeye ndiye yule wa India ya mwaka 1947, na ndiye aliyeuawa nchini Ireland mwaka 1979 kwa bomu la IRA, kundi la wapiganaji waliopinga utawala wa Uingereza huko. Binti wa pili, Louise, akawa malkia wa Sweden. Mkubwa wao wote, Alice, aliyezaliwa kiziwi, aliolewa na mwanamfalme Andrew wa Ugiriki. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alibaki Athens na kuificha familia ya Kiyahudi nyumbani kwake. Mabinti zake Alice wote wanne waliolewa na Wajerumani, na mtoto wake pekee wa kiume, Philip, alipigana vita hiyo upande wa Uingereza katika jeshi la majini la babu yake.

Philip alizaliwa Juni 1921, miezi mitatu kabla ya babu huyo kufariki. Familia ya baba yake, iliyotoka Denmark na Ujerumani, haikuwa na jina la ukoo la matumizi ya kawaida. Alipochukua uraia wa Uingereza mwaka 1947 ili amuoe Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth II, alilichukua jina la wajomba zake waliomlea. Wawili hao walikuwa jamaa tayari: Malkia Victoria alimzaa Alice, aliyemzaa Victoria mke wa Louis, aliyemzaa Alice wa Ugiriki, aliyemzaa Philip, kwa hiyo Philip alikuwa kilembwe cha Malkia Victoria, na Elizabeth kwa upande wa wafalme alikuwa kilembwe chake pia. Mtu aliyesimama Dar es Salaam Desemba 1961 kwa niaba ya Malkia, wakati Tanganyika ikipata uhuru, na akarudi Afrika Mashariki Desemba 1963 kwa uhuru wa Zanzibar na wa Kenya, alikuwa Philip, mjukuu wa Louis wa Battenberg. Mfalme Charles ni kitukuu chake.

Elizabeth alipokuwa malkia mwaka 1952 iliamuliwa kwamba nyumba ya kifalme ibaki Windsor, jambo lililomuudhi Philip kwa kuwa watoto wake hawakubeba jina lake. Mwaka 1960 Malkia akaweka utaratibu wa kati: nyumba itaendelea kuitwa Windsor, lakini wazao wao ambao hawana cheo cha mwanamfalme wala binti mfalme watatumia Mountbatten-Windsor. Wengine wenye vyeo wamelitumia kwa hiari, kama binti yao Anne alivyofanya alipotia saini kitabu cha ndoa mwaka 1973. Andrew hakuwa na haja nalo kwa sababu alikuwa na cheo. Kilipoondolewa, utaratibu wa 1960 ulimfikisha moja kwa moja kwenye jina la babu wa baba yake, jina ambalo asili yake alipewa mwanamke aliyekatazwa kuitwa kwa jina la mumewe.